Mgagani wa Boke

Mogesi alishuka kwenye pikipiki nyumbani kwa mama yake, kijijini Nyambureti, karatasi ya daktari ikiwa mfukoni. Mlinzi mzima wa kambi ya watalii Robanda, miaka hamsini, ametumwa mboga! Ilimuuma kuliko tumbo lenyewe.

Na tumbo lilikuwa limemtesa. Mwaka wa pili huu utumbo mpana umevimba, choo kina damu, suruali zinampwaya. Daktari alimweleza polepole: damu yake imejaa kitu kiitwacho homosisteini. Kila mwili unakitengeneza, ila foleti, vitamini iliyomo kwenye mboga za majani, husaidia kukipunguza. Kikizidi, kinaweza kuuchochea ule uvimbe wa utumbo. "Vidonge utameza. Lakini wewe mboga unakula kweli?"

Thubutu! Alipotoka jandoni, akiwa amekaa na wenzake wa rika, mama yake, Boke, alimletea mgagani uliopikwa kwa maziwa, chakula alichokipenda tangu utoto. Wenzake wakacheka. Yeye akasukuma bakuli. "Mimi ni mwanaume sasa. Hayo majani wape mbuzi."

Boke aliokota bakuli lake, na hakumpikia tena. Naye Mogesi, maskini, kila mvua za kwanza zikinyesha aliikumbuka harufu ile, na ule uchungu unaolainishwa na maziwa. Alitamani sana, akaona haya kuomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Akamsimulia yote, hadi damu. Boke akamkabidhi ungo na kumwonyesha bustani ya mgagani nyuma ya nyumba. "Kachume."

"Mimi?"

"Mbuzi hawana mikono."

Akachuma, mgongo umepinda, majirani wakichungulia na kumcheka. Boke akapika, akatia maziwa, kisha akaketi na chungu mbele ya miguu yake. Hapakui.

"Mama, nilikosa."

"Sijasikia." Na masikio yake mazima, anasikia hata kuku akitaga kwa jirani.

"Nilikosa, mama."

Ndipo akapakua. Mogesi alipotia tonge la kwanza mdomoni, uchungu ulikuwa ule ule, na utamu ule ule. Machozi yakamtoka mbele za watu. Akasema "nilikosa" mara ya tatu, bila kuombwa.

"Kula, baba," alisema Boke. "Mimi mgagani siupendi hata kidogo. Ulidhani miaka yote hii naupanda kwa ajili ya nani?"