Milioni Moja na Moja

Mwalimu Nathanael aliwaachia wanafunzi wake wa jioni, pale Katumba, namba moja: milioni moja na moja. Je, ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Akawaonyesha njia. Igaweni kwa mbili, tatu, tano, saba, kila namba tasa hadi mkaribie elfu. Mkifika huko bila kupata inayoingia, basi ni tasa.

Joséline ndiye aliyekuwa akisifiwa kwa hesabu. Mwezi ujao angekabidhiwa kundi la wanaoanza, awafundishe. Tangu aahidiwe hivyo, hata mwanawe alimwogesha huku akimtajia jedwali la saba.

Alipiga zile hesabu siku tatu, mtoto mgongoni. Alipomaliza tisini na saba, mwanawe Emelyne akashikwa na homa, daftari likafungwa. Jumanne mwalimu alipouliza, Joséline akajisikia akisema, "Nimezijaribu zote, Mwalimu. Ni tasa." Mwalimu akaandika hivyo ubaoni, na jina la Joséline pembeni.

Mama Donatille, mkulima wa tumbaku wa umri wa mama yake, akaazima daftari la Joséline ili anakili. Alhamisi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mie naona mia moja na moja inaingia."

"Joséline alishaipima, mama."

"Inaingia, haibakizi kitu."

"Mama, hili siyo robota la tumbaku," Ezekia akadakia kutoka nyuma, "kwamba ukikandamiza tu litaingia."

Darasa likacheka. Mama Donatille akaketi, akajifunga khanga upya.

Joséline akazidisha chapuchapu kwa kalamu kiganjani: mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Ikatoka milioni moja na moja, kamili. Namba tasa moja tu baada ya pale alipoachia. Akakifumba kiganja mpaka darasa likaisha.

Akamkimbilia Mama Donatille nje.

"Mama, daftari langu uliliona lilivyoishia. Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mama Emelyne? Nilijua zingine umefanyia karatasi nyingine." Akamrudishia daftari. "Nitakuwa nimekosea mie. Wewe ndiye unayejua. Ila kesho kutwa siji, nyie vijana mnakwenda mbio, na mie nimechoka kuchekwa."

Afadhali angemtukana. Joséline akamshika mkono, akamrudisha ndani. Mwalimu alikuwa anafuta ubao; Ezekia na wengine wawili walikuwa bado wanakusanya vitu vyao.

"Mwalimu, nilidanganya. Sikufika elfu, wala mia sikufika. Mama yuko sahihi."

Mwalimu akageuka, vumbi la chaki likimshukia mkononi. "Na wale wanaoanza, nimpe nani?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi usinipe."

Joséline akaokota chaki, akamwekea Mama Donatille kiganjani. Mama akaangalia ubao, akaangalia mlango. Kisha akaanza kuandika mgawanyo wake, polepole, tarakimu kubwakubwa, na Ezekia akavuta benchi akakaa kusoma.