Ugonjwa wa Pijo ya Mzee Kubwimana

Muhula mzima gari lile lilipanda na kushuka kilima cha Rebero bila hata kukohoa. Lakini Kamikazi akirudi tu likizo kutoka chuo kikuu, alikosomea uhandisi wa magari, linagoma! Hata mwaka huo wa 1992, mkoba hajautua vizuri, babake akaanza kulalamika.

“Mwanangu, hii Pijo imenichosha. Tangu asubuhi haitaki kuwaka.”

Kamikazi akakunja mikono ya shati, akafungua boneti. Injini yote ilijaa vumbi jekundu, isipokuwa waya mmoja mnene, ule unaopeleka moto kwenye plagi. Ulikuwa umechomolewa, na alama za vidole juu yake bado mbichi.

Akageuka. Mzee Kubwimana alikwisha kupanga vigoda viwili kando ya gari, na chupa ya chai katikati.

Kuurudisha waya ule ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kamikazi aliuacha vilevile, akaja akaketi.

“Papa, ugonjwa huu ni mkubwa. Utanimalizia likizo yote.”

“Masikini mimi,” mzee akajibu, akimimina chai, uso unang’aa.