Ukurasa wa Tisa

Mjinga siku hiyo nilikuwa mimi. Nasema mapema usijisumbue kumtafuta mwingine.

Ilikuwa 1983, Soko la Burma. Mimi na Ndung'u tulikata nyama bucha moja, kila mtu na gogo lake, na katikati yetu katuni mbili zilizolowa damu ya mbuzi. Yangu ilikuwa toleo jipya la Kapteni Mwamba, yule ambaye, ukurasa wa tisa, anadaka panga kwa viganja vitupu kisha anamvunja jambazi shingo kwa kisigino. Ya Ndung'u ilikuwa Makucha ya Kaburini: maiti anafufuka, anamtoa mlinzi utumbo, anauvaa shingoni kama tai.

"Hii ndiyo kweli," Ndung'u akasema, akipasua mbavu. "Mtu akikatwa, anakatika. Huyo Mwamba wako hajawahi kutoka damu hata tone."

"Kwa sababu ni mwanamume. Wewe unapenda maiti kwa kuwa hawakurudishii ngumi."

Wateja wakacheka. Kicheko cha watu, kwangu mimi, ni pombe.

"Shusha panga basi nilidake. Ukurasa wa tisa, vile vile."

"Maingi, wacha."

"Mnamwona? Panga analo yeye, na anayetetemeka ni yeye! Mbuzi huyu akifufuka, Ndung'u atampigia magoti!"

"Mikono hiyo inalisha watu sita," akasema Mama Apondi, aliyetuuzia ndimu na pilipili pale mlangoni. "Iweke chini, baba."

Sikuiweka. Nilimwita Ndung'u mwoga mara ya tatu, mbele ya wateja wake, na uso wake ukabadilika. Akashusha.

Na nililidaka, haki ya Mungu! Kwa muda wa kupepesa jicho, chuma kilisimama katikati ya viganja vyangu. Lakini viganja hivyo vilikuwa vimeshika mafuta ya mbuzi tangu asubuhi. Panga likateleza kama sabuni, likagonga gogo, tap! Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabaki pale kando ya mbavu, kama nyongeza ya mteja. Damu ikaruka ikamfunika Kapteni Mwamba uso mzima. Aliyekuwa akingoja kilo yake akatapika. Ndung'u akalitupa panga, akaketi sakafuni akilia kama mtoto.

Mama Apondi akachana leso aliyojifunga kiunoni, akanifunga mkono hadi mifupa ikalalamika. Na mimi, ulimi bado mzima, nikaendelea:

"Lakini mliona nimelidaka! Ni mafuta tu. Ningenawa mikono, ingekuwa ukurasa wa tisa kamili. Mwamba hakudanganya!"

Mama Apondi akakaza fundo kwa meno, akalitema.

"Mwamba wako amechorwa kwa penseli, Maingi. Akikatwa, wanamfuta, wanamchora tena. Haya, raba ya kwako iko wapi?"