Bunduki Kwenye Karai la Kambare

Kila kiangazi, zimamoto wa kujitolea wa Dobbin Hollow, jimboni Missouri, hukaanga kambare na kuchezesha bahati nasibu ili wanunue mipira ya maji. Zawadi ni bunduki. Mwaka mmoja walijaribu keki. Hakuja hata mbwa.

Verna Tackett alikuwa akikaanga kwenye karai kubwa, jasho likimtiririka, wakati Orville, mkuu wa zimamoto, alipopanda juu ya gari jekundu na kusoma jina la mshindi.

"Harlan Boggs!"

Makofi yakalia. Verna hakupiga. Harlan ni mumewe wa zamani. Ndiye aliyemvunja taya, na mpaka leo Verna hutafunia upande mmoja kama mbuzi mzee. Mahakama ilimtia Harlan hatiani, na sheria ya Washington, ya nchi nzima, inasema aliyempiga mkewe asiguse bunduki. Miaka yote mshindi alipewa cheti tu, akaenda nacho duka la bunduki, jina lake likakaguliwa Washington kwanza.

Lakini sasa wabunge wa jimbo walikuwa wametunga sheria yao: polisi wa kaunti wakisaidia kutekeleza sheria za bunduki za Washington, kaunti itapigwa faini ya kuifilisi. Orville, uhuru umempanda kichwani, akaifuta na ile safari ya dukani.

"Jina la mtu wetu haliendi Washington!" alipaza sauti, akamkabidhi Harlan bunduki mkononi.

Verna akamwendea binamu yake Royce, sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, aliyekuwa amezama kwenye sahani ya samaki.

"Royce, mnyang'anye."

"Verna, usinianze. Siruhusiwi."

"Si wewe uliyeniokota jikoni, taya linaning'inia?"

"Ni mimi. Lakini sheria ya jimbo haimkatazi. Inayomkataza ni ya Washington, na nikiigusa hiyo, tutauza mpaka magari ya doria. Wapigie wao wa Washington."

"Niliwapigia mwezi uliopita, alipopita kwangu na bastola kiunoni. Wakasema wanasubiri polisi wa hapa wawasaidie."

"Basi ndo hivyo."

"Ndo hivyo nini? Nyie mnawasubiri wao, wao wanawasubiri nyie, na mimi nisubiri risasi?"

Royce akajifanya ana mwiba kooni.

Verna akarudi kwenye karai, akageuza samaki kwa koleo. Harlan naye akaja, kifua mbele, watu wakimfuata, maana desturi ya pale ni mshindi apigwe picha na mpishi.

"Mke wangu wa zamani huyo!" akasema. "Unaionaje, mpenzi? Jioni nitapita kwako uitazame vizuri."

Mtu akacheka. Verna akamkariri sura.

"Vaa kofia yako sawasawa, Harlan," akasema kwa upole. "Utatoka kama kichaa kwenye picha. Lete nikushikie."

Harlan, ambaye maisha yake yote hajawahi kupishana na kioo bila kusimama, akampa bunduki, akaanza kunyoosha kofia.

Verna akaitumbukiza kwenye mafuta yanayochemka, mtutu kwanza, kitako juu, akaisukuma kwa koleo mpaka ikalala kati ya kambare. Mafuta yakapiga kelele. Vanishi ya kitako ikaanza kuvimba malengelenge.

"Bunduki yangu!" Harlan akalia, sauti nyembamba kama ya kifaranga.

Sahani ya Royce ilianguka. Alifika mbio, pingu zikiwa tayari mkononi.

"Verna, umeharibu mali ya mtu. Geuka."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Ya jimbo."

"Ahaa! Kumbe kukimbia unajua, na pingu unazo!"

Royce akawa mwekundu hadi masikioni. Hakuna aliyecheka safari hii. Verna akageuka, akampa mikono yake inayonuka samaki, akamtazama Orville juu ya gari lake.

"Na wewe usiitoe," akamwambia. "Bado haijaiva."