Kofi la Saa Mbili

Siku ya tatu baada ya kuzikwa, mkono wa kushoto wa mama mmoja, fundi wa vifuniko, uliripoti kazini saa moja na nusu asubuhi, ukagonga kadi yake, ukapanda juu ya mashine. Mlinzi wa getini aliutambua kwa kovu la pasi kwenye kidole gumba. Aliufungulia, maana kadi ilikuwa halali.

Kiwanda kilikuwa cha vifuniko vya sufuria. Mashine ya huyo mama ina vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na haishuki mpaka vyote vibonyezwe pamoja, ili mikono yote miwili iwe nje. Lakini msimamizi, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Haraka, alikikaba kitufe cha kushoto kwa njiti ya kiberiti, mkono mmoja upange bati huku mwingine ukibonyeza. Vifuniko vikaongezeka. Kisha siku moja mashine ikashuka bati likiwa bado linapangwa.

Kwenye kitabu cha ajali Bwana Haraka aliandika, "Uzembe wa mfanyakazi." Fundi akiwa bado amelewa dawa, msimamizi huyo aliushika mkono wake uliobaki, akalikandamiza dole gumba chini ya maneno hayo.

Asubuhi hiyo mkono uliporudi, saa mbili kamili Bwana Haraka alipokuja kuchomeka njiti mpya, mkono ulimzaba kofi la haja, na tena la kushoto. Watu wakainua vichwa, wakaona ni kofi tu, wakaendelea na kazi.

Wakati huohuo fundi alikuwa nyumbani, anajifunza kufunga kamba za viatu kwa meno. Kiganja asichokuwa nacho kikamwasha. Akajua. Alicheka peke yake mpaka chai ikampalia, na tangu siku hiyo hakuhitaji saa ya ukutani.

Ikawa ndiyo kawaida. Mkono unang'oa njiti, Bwana Haraka anairudisha, kofi linamsindikiza. Aliyekaa kwenye kiti cha fundi sasa alikuwa mdogo wake, tumbo moja, kwani nyumba ile haikuwa na mwingine wa kutafuta riziki. Fundi aliyajua hayo yote, na kila njiti iliporudishwa, roho yake ilikuwa mkononi.

Mwezi ulipokwisha akaitwa ofisini. Bwana Haraka alikuwa amevimba shavu moja, vidole vitano vimechorwa juu yake.

"Mama, mkono wako hauna adabu. Uite uende nyumbani."

"Kwanza futa yale maneno kitabuni."

"Kitabu cha ajali hakifutwi."

"Basi njiti itupe."

"Na oda nitaimaliza na nani? Mwenzio naumia, mama. Upande huu sitafuni."

"Mkuki kwa nguruwe," fundi alisema. Akautazama mkono wake, uliokaa kimya juu ya kabati la mafaili. Alitamani Bwana Haraka afe, na hakuona haya kutamani. "Shavu la pili bado."

Mkono ukashuka, ukamzaba. Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao akaliandika na hilo kofi, akauliza kama kuna mengineyo.

Kesho yake Bwana Haraka alikuja amevaa kofia ya pikipiki. Mkono ukajifunza kufunua kioo kwanza. Sikio la kufa halisikii dawa: kiwanda kikaagiza viberiti katoni nzima, na kitabu kikabaki kama kilivyoandikwa.

Jioni mdogo wake fundi alirudi nyumbani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lete mikono."

Akainyoosha. Fundi alivigusa vidole kimoja kimoja kwa mkono wake mmoja, bila kuruka hata kimoja.

"Leo kofi lilikuwa zito," mdogo wake alisema. "Aliketi chini."

"Nililisikia."

Vilikuwa kumi. Hicho cha kumi hakukiachia upesi, maana kesho ilikuwa siku ya kazi.