Jina Ndani ya Kola

Kwa miaka minane Subira alishona nguo kwenye veranda ya duka moja mjini Nyeri, na wateja walimwita Fundi tu. Mwaka wa 1969 alikodi chumba chake, akaagiza kutoka Nairobi lebo mia tatu za kitambaa, zilizofumwa neno moja kwa uzi mwekundu: SUBIRA. Ya kwanza aliishona ndani ya kola ya gauni la Wacera, mwalimu wa Othaya.

Baada ya siku tano gauni lilirudi, limekunjwa ndani ya gazeti, kwapani mwa Wakonyo, mama mkwe wa Wacera.

"Wewe ndiye Subira?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Nimekuletea nguo yako. Nimeifua."

Subira alieleza kwamba gauni ni la Wacera, jina ni la aliyeshona. Wakonyo alimsikiliza kama mtu anayeuziwa dawa sokoni.

"Niko na watoto wanne walisoma bweni," alisema. "Kila shati niliandika jina ya mwenyewe hapa kwa shingo. Sasa watu wataona bibi ya kijana yangu anaenda kanisa na nguo ya kuomba kwa watu. Alilipa?"

"Yote."

"Na bado jina ni yako. Basi kata."

Subira alichukua makasi. Akikata hii, Othaya nzima itataka lebo zikatwe, naye atakuwa Fundi tena. Aliyarudisha mezani.

"Pindo nitashusha, mama. Mikono nitapunguza. Jina sikati."

Wakonyo aliketi bila kukaribishwa. Aliitazama lebo kwa muda.

"Mimi nimelima kahawa miaka kumi na tano," alisema. "Gunia inaandikwa jina ya chama ya wakulima."

"Na lako?"

"Niko na namba."

"Namba gani?"

"Mia nne na kumi na mbili."

Subira alimtengenezea chai. Wakonyo aliinywa yote, akalikunja gauni, akaondoka nalo.

Jumapili, baada ya ibada, aliipindua kola ya Wacera nje ya kanisa, akawaonyesha wanawake jina la aliyeshona. Wacera aliinamisha kichwa muda wote, kama mtu anayeombewa.

"Hata yangu alishona huyo," Gathoni, jirani yao, alisema. "Na haina jina."

"Basi rudisha," Wakonyo alimwambia.