Dhahabu Nyekundu ya Shemeji Boaz

Mimi na shemeji yangu Boaz hatujawahi kuelewana, na sitaanza kujifanya leo. Ni mchenjuaji wa dhahabu huku Geita. Anachanganya mchanga wa mawe yaliyosagwa kwa karasha na zebaki kwenye beseni, anakamua, kisha anachoma jikoni, kwenye jiko lile lile mdogo wangu Esta anapikia ugali. Esta ana mimba kubwa. Nimesema zebaki ni sumu mpaka koo limekauka.

Safari hii nilitoka Shinyanga na chupa. Nafanya kazi maabara ya maji, na tulikuwa tumetengeneza dawa ya kupimia zebaki kwa kutumia dhahabu yenyewe. Chembe zake ni ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni. Mwanga ukizipiga, umeme ulio juu juu ya dhahabu unatikisika, nawe unaona wekundu kama wa juisi ya rozela. Zikikutana na zebaki zinashikamana, wekundu unageuka buluu. Haihitaji mashine. Hata mbishi ana macho.

Boaz alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dhahabu nyekundu? Shemeji, mimi nimekulia kwenye maduara ya wachimbaji."

Lakini mbele ya Esta alikubali jambo moja: maji ya mtungi wa nyumbani yakigeuza dawa ile kuwa buluu, Esta anakwenda kujifungulia kwa mama, huko Didia, Shinyanga. Nikamwambia arudie, akarudia.

Ustaarabu ndio ulioniponza. Huwezi kuingia kwenye kitongoji cha watu ukaanza kupima maji bila kupiga hodi kwa mwenyekiti. Nikaiacha chupa mezani, nikaenda. Shikamoo, marahaba, habari za Shinyanga, pamba mwaka huu ikoje, kunywa chai kwanza. Nikanywa chai ya watu huku roho iko kwenye mtungi wa Esta.

Niliporudi, Boaz alikuwa amechuchumaa uani, ameinua chupa yangu juani. Dawa imekuwa ya kijivu, na chini kabisa kimelala kitone cha zebaki.

"Umefanya nini, Boaz?"

"Nimeikamata," akasema, mtulivu kabisa. "Si ulisema ni dhahabu? Dhahabu yoyote ukiipa zebaki inaingia. Nimetikisa weee, sioni kitu. Wamekuuzia rangi, shemeji."

Nilitamani kumzaba kofi. Dhahabu ya chupa nzima ile haijazi hata ncha ya sindano. Nikaeleza, nikapanda, nikashuka. Nampigia mbuzi gitaa. Chupa nyingine ni mpaka iombwe upya, isubiriwe, na mimba haisubiri maabara.

"Basi," akasema, "makubaliano yalikuwa buluu. Maji hayajapimwa. Esta habanduki hapa."

Huyo ndiye Boaz. Anavunja mzani, halafu anakudai uzito.

Esta alikuwa amekaa kizingitini anakoroga uji wake, anatuangalia. Nikakata tamaa hasa. Nikaanza kukusanya vitu vyangu huku machozi ya hasira yananitoka. Kwa uchungu tu nikamuuliza Boaz aliwezaje kuitia zebaki kwenye mdomo mwembamba vile.

"Kwa kijiko," akasema. "Mimi si mjinga, sikutaka imwagike."

"Kijiko gani?"

"Cha humu humu ndani. Siku zote natumia hicho. Nikimaliza nakifuta, nakirudisha."

Esta akaacha kukoroga. Akakitoa kijiko kwenye uji, akamwonyesha mumewe.

"Hiki?"

Boaz akakitazama. Akaanza kusema kwamba amekifuta vizuri, kwa kitambaa safi, pande zote mbili. Akaendelea tu kueleza kuhusu kitambaa.

Esta akalimwaga bakuli zima la uji pale pale mlangoni, akajishika kiuno, akainuka taratibu.

"Dada," akaniambia, "gari la Shinyanga linapita saa ngapi?"